Chakula gerezani: Ni haki ya mfungwa au hisani ya serikali?

MKAZI wa Port Reitz anayekwenda kumwona jamaa yake katika gereza la Shimo la Tewa hulazimika kubadilisha magari. Huanzia Changamwe, akavuka Makupa hadi kisiwani, kisha akapita daraja la Nyali na kuifuata barabara ya Malindi kupitia Bamburi na Shanzu, hadi karibu na daraja la Mtwapa. Anaporejea nyumbani jioni, swali analoulizwa kabla hata ya habari za kesi ni moja: Je, wanakula?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu aliye huru akipungukiwa na chakula ana njia kadhaa za kujinusuru. Hukopa dukani, humwendea jirani, au huamkia bandarini kutafuta kibarua. Aliye kifungoni hana hata mojawapo ya njia hizo. Hula kile anachopewa, kwa kiasi anachopewa na kwa saa anayopewa. Kwa sababu hiyo, dola inapomnyima mtu uhuru wake hujitwika papo hapo wajibu wa kumlisha, hata kama kosa lake ni kubwa kiasi gani.

Hata hivyo, wapo wananchi wengi wanaoamini kwamba chakula cha gerezani ni sehemu ya adhabu, na kwamba anayelalamikia maharagwe angalifikiria hilo kabla ya kuvunja sheria. Ni vyema basi kueleza sheria inasema nini, kinachopakuliwa ni nini, na ni wapi mambo huenda kombo.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 51 kinaongeza kuwa mtu aliyezuiliwa, aliye rumande au aliyefungwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezi kutekelezwa kwa sababu ya kufungwa kwake. Uhuru wa kutembea ni mojawapo ya zile zinazoondoka. Haki ya kula haimo katika orodha hiyo, kwani hakuna chochote katika kuta na kufuli kinachomfanya binadamu asihitaji chakula.

Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru mwaka 2014 ili kuitekeleza Katiba. Sheria hiyo inatambua haki ya mtu aliye kizuizini kupata lishe bora, na inataka mahitaji ya watoto, wanawake wajawazito na wanaonyonyesha yazingatiwe. Sheria ya Magereza, ambayo ni Sura ya 90, ni kongwe zaidi. Kanuni zake za mwaka 1963 ndizo zilizoweka utaratibu wa viwango vya chakula na kuruhusu kupunguziwa chakula kuwe adhabu kwa mfungwa aliyekiuka nidhamu.

Dunia kwa sasa imelikataa wazo hilo la mwisho. Mnamo Desemba 17, 2015, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa. Kanuni ya 22 inasema mfungwa apewe chakula chenye lishe ya kutosha kwa afya na nguvu zake, kiwe safi, kimepikwa na kupakuliwa vizuri, na maji ya kunywa yapatikane wakati wowote anapoyahitaji. Kanuni ya 43 inapiga marufuku kumpunguzia mtu chakula au maji kama adhabu. Kanuni ya 35 inamtaka daktari au afisa wa afya akague chakula mara kwa mara na kumshauri mkuu wa gereza.

Kinachopakuliwa

Katika magereza mengi ya Kenya, siku huanza kwa uji. Mchana na jioni hupakuliwa ugali, au sima kama unavyoitwa Pwani, pamoja na maharagwe, kabeji au sukuma wiki. Nyama, inapopatikana, huwa ni ya siku moja katika juma. Wapishi huwa ni wafungwa wenyewe, wakisimamiwa na askari wa magereza.

Kwa mtazamo wa haraka, chakula hicho hakitofautiani sana na kile kinacholiwa katika nyumba nyingi za Chaani au Magongo. Tofauti hujitokeza siku zinapopita. Mtu aliye nyumbani Port Reitz akila sima na sukuma leo, huenda kesho akapata samaki wa kukaanga, mbaazi za nazi au embe la msimu. Mfungwa atarudia mlo uleule kesho, keshokutwa na mwaka ujao. Kwa aliyefungwa miaka 20, huo ndio mlo wake kwa miaka 20.

Hapo ndipo wataalamu wa lishe hutofautisha kushiba na kulishwa. Mashirika ya misaada hutumia kalori 2,100 kwa siku kama kipimo cha wastani cha mahitaji ya mtu mmoja. Gramu 100 za unga wa mahindi hutoa takribani kalori 360, na gramu 100 za maharagwe makavu hutoa takribani 340. Kwa hesabu hiyo, nusu kilo ya unga na gramu 150 za maharagwe zinatosha kuvuka kipimo hicho, mradi mfungwa asiwe na kazi nzito ya sulubu. Aidha, mahindi na maharagwe hukamilishana. Protini ambayo mahindi huikosa hupatikana katika maharagwe, na ndiyo sababu pure na githeri vimewalea watu wengi nchini.

Tatizo huanza pale maharagwe yanapobaki kuwa mchuzi wenye punje za kuhesabika, au mboga zinapokosekana kwa wiki kadhaa. Tumbo hujaa, lakini mwili hukosa vitamini, madini na protini.

Ushahidi wa hatari ya kutegemea mahindi peke yake ulipatikana, kwa kejeli ya historia, ndani ya gereza. Mwaka 1915, daktari Joseph Goldberger wa Marekani aliwalisha wafungwa wa kiume wa shamba la gereza la Rankin, jimbo la Mississippi, vyakula vya mahindi na wanga mwingine bila nyama wala maziwa. Walikuwa wamejitolea kwa ahadi ya kusamehewa vifungo vyao. Baada ya miezi kadhaa, 6 kati ya 11 waliobaki katika jaribio hilo walionyesha dalili za pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi, kuleta kuhara na hatimaye kuvuruga akili. Jaribio hilo lisingeruhusiwa leo, lakini lilithibitisha kwamba pelagra ilitokana na lishe duni, wala si vijidudu kama ilivyodhaniwa na wengi wakati huo.

Saa kumi jioni hadi asubuhi

Lalamiko jingine linalosikika mara kwa mara halihusu wingi wa chakula bali wakati wake. Magereza huwa na desturi ya kupakua mlo wa jioni mapema, mara nyingine kabla ya saa kumi alasiri, ili wafungwa wahesabiwe na kufungiwa kabla ya giza na kabla ya askari kubadilishana zamu. Anayekula saa kumi alasiri na kupata uji saa moja asubuhi hukaa saa 15 bila kutia kitu kinywani.

Kwa mtu mwenye afya, hiyo ni njaa ya kuvumilika. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, pengo hilo linaweza kuhatarisha maisha. Wanaotumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi nao huhitaji mlo wa kutosha ili miili yao izihimili dawa hizo.

Waislamu, ambao ni wengi katika magereza ya Pwani, hukabiliwa na suala hilo kwa namna yake mwezi wa Ramadhani. Chakula kilichopakuliwa alasiri hakiwezi kuliwa hadi jua litue, na wakati wa daku milango bado imefungwa. Ndiyo maana misikiti na wahisani hupeleka tende na vyakula vya futari magerezani kila mwaka. Hisani hiyo ni ya kupongezwa, ila haiwezi kuchukua nafasi ya mpango wa serikali, kwa kuwa mhisani ana hiari ya kutofika mwaka ujao.

Rumande na kantini

Kundi linalosahauliwa zaidi ni mahabusu. Kwa miaka mingi, zaidi ya thuluthi ya watu walio katika magereza ya Kenya wamekuwa ni watu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Mbele ya sheria hawana hatia. Wengi wamo ndani kwa sababu hawakuweza kulipa dhamana. Kijana wa Changamwe anayeshtakiwa kwa wizi wa simu anaweza kula mlo wa gerezani kwa miezi mingi, kisha mahakama ikamwachilia huru.

Washukiwa wa mauaji huwa na kituo kingine njiani. Kabla ya kujibu mashtaka, hupelekwa kupimwa akili, na kwa wale wa Mombasa mojawapo ya mahali wanapopelekwa ni Hospitali ya Port Reitz, ambayo ina kitengo cha wagonjwa wa akili. Wakazi wa mtaa huo wamezoea kuona magari yenye washukiwa waliofungwa pingu yakiingia na kutoka.

Kanuni za Mandela zinaruhusu mahabusu kununua chakula kutoka nje kwa gharama yake, mradi usalama usivurugwe. Kwa vitendo, walinzi hawapendi vyakula vilivyopikwa nyumbani, kwani simu, bangi na pesa zimewahi kufichwa ndani ya mikate na mapochopocho mengine. Badala yake jamaa huacha pesa, naye aliye ndani hununua sukari, mkate au maziwa katika kantini ya gereza.

Utaratibu huo hupunguza hatari lakini huzaa matabaka. Mwenye jamaa wanaofika na pesa hunywa chai ya maziwa, na asiye na mtu hutazama. Mwenye njaa hana mwiko, wahenga walisema, na aliyekosa hujikuta akimfulia mwenzake nguo au kukubali mambo mabaya zaidi kwa kipande cha mkate. Ziara zilipositishwa Machi 2020 kutokana na janga la Korona, familia nyingi zilitambua ni kwa kiasi gani wapendwa wao walizitegemea.

Watoto wasio na hatia

Sheria ya Kenya inamruhusu mama aliyefungwa kukaa na mtoto wake gerezani hadi mtoto atimize umri wa miaka minne. Watoto hao wamo katika magereza ya wanawake nchini, lile la Shimo la Tewa likiwemo. Miaka hiyo ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo na mifupa hujengeka, na mtoto anayekosa maziwa, mayai na matunda wakati huo huenda akabaki amedumaa hata akitoka. Ugali na maharagwe yaliyopangiwa mtu mzima havimfai mtoto wa miezi minane. Kila anapozaliwa au kuletwa mtoto, gereza linapaswa kubadilisha orodha yake ya ununuzi, na hapo ndipo uhaba wa fedha huonekana waziwazi.

Historia chungu

Magereza ya Pwani hayakuanza na Shimo la Tewa. Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, serikali ya kikoloni iliitumia Fort Jesus kama gereza, kabla ya ngome hiyo kugeuzwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Katika enzi hizo, chakula cha mfungwa kilipimwa pia kwa rangi ya ngozi yake. Mzungu, Mhindi na Mwafrika hawakupakuliwa sahani moja. Ubaguzi kama huo ulidumu Afrika Kusini kwa muda mrefu, ambako katika kisiwa cha Robben wafungwa Waafrika walinyimwa mkate waliopewa wenzao wa Kihindi na machotara.

Viongozi wa taifa la Kenya waliyaonja hayo. Jomo Kenyatta, aliyehukumiwa mwaka 1953 kifungo cha miaka saba, alipewa kazi ya kuwapikia wenzake huko Lokitaung kwa kuwa umri ulikuwa umekwenda. Mwezi Juni 1958, barua ya wafungwa wa Lokitaung iliyolalamikia hali yao, ikiwemo ya chakula na maji, ilichapishwa katika gazeti la The Observer la Uingereza na kuzua mjadala.

Mwaka uliofuata, Machi 3, 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, Tana River. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulifichua ukweli. Tukio hilo linakumbusha kwamba maji na chakula cha gerezani, yakiwa mikononi mwa watu wasiochunguzwa, yanaweza kutumiwa hata kuficha uhalifu.

Baada ya uhuru, hali ilibaki duni kwa miongo mingi. Mageuzi yaliyosikika zaidi yalikuja kuanzia mwaka 2003, Moody Awori alipokuwa akisimamia magereza kama waziri na baadaye pia makamu wa rais. Milango ilifunguliwa kwa wanahabari na makundi ya kidini, wafungwa wakapewa magodoro, sare na televisheni, na mlo wao ukaanza kujadiliwa hadharani.

Kutoka Kinshasa hadi Michigan

Nchi jirani zinaonyesha pande mbili za suala hili. Nchini Uganda, Idara ya Magereza ina mashamba makubwa, kama lile la Namalu huko Karamoja, ambayo mahindi yake hulisha wafungwa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wafungwa wengi hutegemea jamaa zao, na Januari 2020 watu kadhaa walifariki katika gereza la Makala, Kinshasa, kwa kukosa chakula na dawa.

Marekani, taifa tajiri, nayo haijayamaliza. Katika jimbo la Arkansas, wafungwa waliotengwa kwa adhabu walilishwa kitu kilichoitwa grue, yaani nyama, viazi, siagi, shira, mboga na mayai vilivyopondwa pamoja na kuokwa. Kiasi chake hakikufika kalori 1,000 kwa siku. Mwaka 1978, katika kesi ya Hutto dhidi ya Finney, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza kuwa mlo kama huo huenda ukavumilika kwa siku chache, bali ukawa ukatili ukiendelea kwa wiki au miezi. Hata hivyo, majimbo kadhaa yaliendelea kutumia mkate wa adhabu wa namna hiyo. New York ilikubali kuuacha mwaka 2015.

Jimbo la Michigan lilijaribu njia tofauti. Mwishoni mwa 2013 liliipa kampuni ya kibinafsi kazi ya kulisha wafungwa ili kuokoa fedha. Malalamiko ya upungufu wa chakula na uchafu wa jikoni yakafuata. Kampuni ya pili ilipewa zabuni mwaka 2015, nayo malalamiko hayakukoma, na mwaka 2018 jimbo likarejesha kazi hiyo kwa wafanyakazi wake. Katika magereza mengine nchini humo, tambi za pakiti zimekuwa sarafu, mfungwa akizitumia kulipia huduma kama vile pesa taslimu. Chakula hugeuka pesa pale kinapokuwa haba.

Kwa nini ni vigumu Kenya

Magereza ya Kenya yamekuwa yakihifadhi zaidi ya watu 50,000, idadi inayozidi kwa mbali nafasi zilizopo. Jiko lililojengwa kwa watu mia kadhaa likilisha maelfu, sufuria hazitoshi, kuni haziivishi maharagwe kwa wakati, na foleni huwa ndefu. Bajeti nayo hupangwa mwaka mmoja kabla, ilhali bei ya unga haisubiri. Mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ilipita Sh200, hadi serikali ikatoa ruzuku kwa muda ili iuzwe Sh100. Gereza lililotengewa fedha kwa bei ya awali halikuwa na njia ila kununua kidogo au kukopa. Wauzaji wanaocheleweshewa malipo nao huongeza bei, au hupeleka maharagwe ya daraja la chini.

Kuna pia pengo kati ya ghala na sahani. Chakula hupimwa kinapoingia stoo na hupimwa tena, kwa kata, kinapopakuliwa. Kati ya vipimo hivyo viwili mna mikono mingi, ya maafisa na ya manyapara. Pasipo mizani inayoonekana na kila mtu, si rahisi kujua maharagwe yaliyonunuliwa yaliishia wapi.

Jamaa anaweza kufanya nini

Mwenye malalamiko hana haja ya kunyamaza. Mfungwa mwenyewe anaweza kumweleza msimamizi wa gereza au afisa wa afya. Majaji na mahakimu ni wakaguzi wa magereza kwa mujibu wa sheria, na wana uwezo wa kuingia, kukagua chakula na kusikiliza malalamiko. Mahabusu anaweza kulitaja jambo hilo akiwa kizimbani Shanzu au Mombasa, hasa akiwa na ugonjwa unaohitaji mlo maalumu, na mahakama inaweza kutoa agizo. Barua ya daktari, kwa mfano kutoka hospitali alikokuwa akitibiwa kabla ya kukamatwa, huupa ombi hilo nguvu. Aidha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko ya jamaa.

Hakimu anapotoa hukumu hutaja miaka. Hataji utapiamlo, macho kufifia wala mtoto kudumaa. Yote hayo yakimpata mfungwa kwa sababu ya sahani yake, atakuwa ameongezewa adhabu ambayo hakuna mahakama iliyoitoa.